Tangi la Uduvi na Samaki: Maji Yanataka Subira

Barua zilizotufikia tangu kiangazi kuingia, nyingi kutoka Rulenge na Kabanga kwa upande wa Ngara, na nyingine kutoka Nyakahura na Lusahunga kwa upande wa Biharamulo, zinafanana mno, hata mtu angedhani zimeandikwa kwa kalamu moja. Mwenye barua amejenga tangi dogo la saruji uani, au amenunua la kioo akaliweka sebuleni. Amelijaza maji jioni, amenunua samaki asubuhi, na kabla ya juma kwisha amewafukia wote chini ya mgomba. Kisha anauliza ni dawa gani anunue. Hakuna ya kununua.

Samaki alapo hutoa uchafu, na uchafu huo huzaa amonia, ambayo ni sumu hata ikiwa kidogo. Katika mto Ruvubu au ziwa Burigi, vijidudu visivyoonekana kwa macho huigeuza amonia kuwa nitriti, nayo ni sumu vilevile, na nitriti kuwa nitrati, ambayo mimea huila kama mahindi yalavyo samadi. Tangi jipya halina vijidudu hivyo; hujijenga taratibu juu ya changarawe na majani, aghalabu kwa wiki nne hadi sita, na kwenye miinuko ya Ngara, ambako baridi ya usiku huyapooza maji, muda huo huzidi. Amtiaye samaki siku ya kwanza amemfungia katika choo chake mwenyewe.

Basi, madhali vuli i karibu, anzeni sasa. Tangi la saruji mpya lijazwe, likae siku kadhaa, limwagwe, na jambo hilo lirudiwe mara tatu au nne, kwa maana saruji hutoa chokaa inayochoma mashavu ya samaki. Mkikinga maji ya mvua, mvua za kwanza ziacheni zipite, kwa sababu huosha vumbi na kinyesi cha ndege juu ya bati. Maji ya bomba yaliyotiwa klorini nayo yalale wazi siku moja au mbili. Tandazeni changarawe iliyooshwa, kiasi cha inchi mbili, kisha pandeni mimea: yungiyungi mdogo, na yale majani laini ya madimbwini yanayoishi yamezama. Gugumaji msiliguse, hata likiwa na ua la kupendeza; lilishuka na mto Kagera likatanda Ziwa Victoria, na hasara yake wavuvi wanaijua. Tieni punje chache za chakula kila baada ya siku mbili, ili vijidudu vipate riziki, na subirini.

Baada ya hapo watangulie uduvi, wale wa ziwani wanaochanganyika na dagaa katika chakula cha kuku. Mkipata walio hai, mtaona mwanga unavyoupenya mwili wao, hata chakula kikaonekana kikipita ndani, na jike akibeba mayai chini ya tumbo. Nao huzaana papo hapo katika maji baridi, hawahitaji bahari. Lakini uduvi hastahimili shaba. Mkulima wa kahawa aliyepulizia mrututu au dawa nyingine ya shaba, kisha akachotea maji ndoo ile ile aliyokorogea dawa, ataamka awakute wamelala chini wote, na kuisuuza ndoo mara moja hakutoshi. Ndoo ya tangi iwe ya tangi tu.

Samaki waje mwisho, wadogo, watano au sita kwa lita 100. Hapa ndipo wachuuzi wa pikipiki wanapotughilibu, wakifika na dumu lililopigwa jua tangu alfajiri, wakiapa kwamba vifaranga vyote ni vya aina moja, ilhali ndani mna sato, mna kambale, na mna waliokwisha kufa. Sato akikua huwameza uduvi na kung'oa mimea. Kambale hamsazi yeyote. Muulizeni afisa uvuvi wa wilaya mzalishaji anayeaminika, mwendeeni wenyewe, na mkifika nyumbani changanyeni maji ya mfuko na ya tangi kidogo kidogo kwa muda wa nusu saa.

Mkiwaona samaki wanahema juu ya maji alfajiri, jueni hewa imepungua, kwa kuwa mimea nayo huitumia usiku: punguzeni samaki, punguzeni chakula, na badilisheni robo ya maji. Maji mnayotoa yamwagieni mchicha, wala si kijito, wala samaki mliowachoka msiwape uhuru mtoni; sangara alitiwa Ziwa Victoria na watu, katika miaka ya 1950 na 1960, na aina nyingi za furu hazikuonekana tena.

Juu ya chakula, na namna ya kulikinga tangi na baridi ya Juni na Julai, nafasi ya leo haitoshi.