KISIMA CHA MSIKITI: MAJI YA JANA SI MAJI YA LEO

Wiki hii tuzungumzie kisima, kile cha msikitini au cha nyumbani kwako ambacho majirani nao huja kuteka. Ukiuliza kama maji yake ni salama, wengi hujibu: "Tumeyanywa tangu enzi za wazee wetu na hayakutudhuru." Jibu hilo lina kasoro. Kisima ni kile kile, lakini ardhi inayokizunguka imebadilika.

Mji umekizunguka kisima

Maji ya kisima ni mvua iliyonywewa na ardhi, ikachujwa na udongo na kutulia chini. Kwa hiyo uchafu tunaoufukia juu unaweza kushuka pamoja nayo. Tutazame Dar es Salaam. Sensa ya 2002 ilihesabu mkoani humo watu kiasi cha milioni 2.5; ile ya 2022 ikahesabu zaidi ya milioni 5.3. Sehemu kama Mbagala, palipokuwa na minazi na mikorosho, leo pana nyumba zilizobanana, na nyingi zina choo cha shimo au karo. Udongo wa pwani ni wa kichanga, hupitisha maji haraka. Tena pampu huvuta maji mengi kuliko ndoo na kamba. Karibu na bahari, maji matamu yakipungua, ya chumvi husogea kushika nafasi yake.

Kutawadha na kunywa

Madrasa tulifundishwa sifa tatu za maji: rangi, ladha na harufu. Katika madhehebu ya Imamu Shafii, maji yaliyofika kullatein hayanajisiki kwa kuingiwa na najisi mpaka sifa mojawapo ibadilike. Hiyo ni hukumu ya tohara, nayo ipo mahali pake. Lakini vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo huweza kuwemo katika maji maangavu yasiyo na harufu wala ladha. Basi maji yaweza kufaa kwa udhu na yasifae kwa kunywa. Na Mtume (S.A.W.) amekataza kudhuru na kudhuriana.

Vipimo vitatu

1. Bakteria wa kinyesi. Katika mililita 100 za maji ya kunywa asionekane hata mmoja.

2. Naitreti. Hutokana na vinyesi na mbolea. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni kisizidi miligramu 50 kwa lita. Ikizidi, mtoto mchanga anayekorogewa maziwa ya kopo kwa maji hayo yuko hatarini: damu yake hushindwa kubeba oksijeni, ngozi ikageuka rangi ya samawati. Mama anaweza kudhani amemlinda kwa kuchemsha maji, kumbe kuchemsha hakuondoi naitreti. Maji hupungua kwa mvuke, yenyewe hubaki.

3. Chumvi. Ikiongezeka mwaka hadi mwaka, huenda bahari inakaribia.

Kipimo kimoja hakitoshi

Mjamzito hapimwi presha mara moja akaambiwa asirudi tena kliniki. Kisima nacho ni hivyo. Tuseme naitreti ni 10 mwaka huu, 22 mwaka ujao na 36 mwaka wa tatu. Kila jibu peke yake litasema "salama", kwa kuwa halijafika 50. Ukiyaweka pamoja, utaona choo kinakifuata kisima, nawe una muda wa kuchukua hatua kabla mtoto hajadhurika.

Kwa hiyo kamati ya msikiti iwe na daftari la kisima. Andikeni kina chake, mwaka kilipochimbwa, na kila choo, gereji au banda la mifugo linaloongezeka jirani. Pimeni mara mbili kwa mwaka, mwisho wa masika na mwisho wa kiangazi, ikiwezekana katika maabara ile ile ya maji. Chupa ichukuliwe maabara, maji yatekwe kisimani kwenyewe na si kwenye tangi, yawekwe penye ubaridi na kufikishwa siku hiyo hiyo.

Vikionekana vijidudu, chemsheni maji ya kunywa mpaka yatokote kwa dakika moja au zaidi, au mtie klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye dawa. Naitreti ikizidi, mtoto wa kopo atafutiwe maji mengine. Mwenye miezi chini ya sita anyonyeshwe maziwa ya mama pekee, kwani hayo hayahitaji kisima. Na anayejenga choo akiweke mbali na kisima, mita 30 au zaidi.

Ndugu msomaji, Sayyidna Uthman (R.A.) alinunua kisima cha Ruma huko Madina akakitoa kwa ajili ya Waislamu. Waliotuchimbia visima vyetu nao walitaka sadaka yenye kuendelea, na wengi wao wametangulia mbele ya haki. Amana imebaki mikononi mwetu. Tusiiache ikageuka maradhi kwa kukosa daftari na vipimo viwili kwa mwaka.

Wabillahi tawfiq.