Presha ya Jicho na Jeni Zinazoiitikia

Somo letu la leo ni glakoma, ugonjwa unaoua mshipa wa fahamu wa jicho polepole, mara nyingi bila maumivu yoyote. Wengi tumeelezwa kwamba presha ya jicho hupanda na kuubana mshipa huo, basi. Maelezo hayo ni sahihi ila hayajakamilika. Seli za jicho huihisi presha, kisha hubadilisha kazi ya jeni zake.

Tuanze na maji. Nyuma ya lile duara lenye rangi hutengenezwa maji safi (si machozi, hayo ni mengine) ambayo hupita kwenye mboni na kutoka kupitia chujio dogo lililo pembeni mwa duara. Kwa kawaida presha huwa kati ya milimita 10 na 21 za zebaki. Chujio likikaza, maji hubaki ndani na presha hupanda.

Chujio hilo lina seli hai. Presha ikipanda seli huvutika, na mvuto huo hugeuka ujumbe unaofika hadi kwenye kiini cha seli. Jeni ya MMP2 huongeza kazi na kutoa kimeng'enya kinachokata nyuzi za protini zinazobana njia ya maji. Wakati huohuo TIMP2, ambayo kazi yake ni kukizuia kimeng'enya hicho, hupungua. Njia hufunguka, presha hushuka. Kwa hiyo si kila badiliko la jeni ni ugonjwa. Hapa jicho linajirekebisha lenyewe. Shida huja pale urekebishaji huo unaposhindwa.

Nyuma ya jicho hali ni nyingine kabisa. Seli za retina zinazopeleka picha ubongoni zina nyuzi zipatazo milioni moja, na zote hutokea kwenye tundu moja. Presha ikizibana hapo, protini ya kulinda seli iitwayo BDNF, inayosafirishwa kutoka ubongoni, haifiki vizuri. Seli huisoma hali hiyo kama jeraha: DLK huamsha JNK, JNK huamsha c-Jun, na c-Jun huwasha jeni za seli kujiua. Kwa panya waliopandishwa presha ya jicho maabara, jeni ya Thy1, ambayo ni ya kawaida katika seli hizi, hupunguza kazi kabla seli yenyewe haijafa. Yaani kuna kipindi seli imeanza kunyamaza lakini ingali hai, na mwenye jicho haoni tofauti yoyote. Ikishakufa, hakuna dawa ya kuirudisha.

Sasa tuje kwetu Rwanda. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulikuta mzio mkali wa macho kwa takriban asilimia 4 ya wanafunzi wa shule waliopimwa. Macho yanawasha, mtu anapewa matone ya deksamethasoni, anapata nafuu, kisha anaendelea kununua chupa ileile miezi na miezi. Dawa hii haingoji presha iamshe jeni. Inaingia yenyewe hadi kwenye kiini cha seli za chujio. Jeni ya MYOC, ambayo mwaka 1997 mabadiliko yake yalihusishwa na glakoma, ilijulikana kwanza kwa sababu steroidi huiamsha. Nyuzi huongezeka, chujio hukaza, na kwa takriban theluthi moja ya watu presha hupanda ndani ya wiki kadhaa. Watoto wamo hatarini zaidi, na pia yeyote ambaye mzazi au ndugu yake ana glakoma. Kama unatumia matone hayo, pimwa presha ya jicho. Kipimo ni cha dakika chache.

Ugonjwa wenyewe si wa mbali. Huko Kongwa, Tanzania, uchunguzi uliotolewa mwaka 2000 uliukuta kwa asilimia 4 hivi ya watu wa miaka 40 na kuendelea. Mwaka 2021 hospitali ya KCMC, Moshi, ilionyesha kuwa leza ya kulegeza chujio ilifaulu kwa asilimia 61 ya macho baada ya mwaka mmoja, na matone ya timololi kwa asilimia 31. Sishangai: leza hufanywa mara moja, lakini matone yanataka mkono usiosahau kila siku.

Na mwezi wa Ramadhani mkono huo husahau kwa makusudi. Wapo wazee wetu wanaoacha dawa mchana wakihofia saumu. Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Jeddah mwaka 1997, iliamua kuwa matone ya macho hayafunguzi, mradi mtu asimeze kinachofika kooni. Anayefuata kauli nyingine amuulize sheikhe wake, na amuulize daktari kuhusu saa: timololi ya mara mbili kwa siku inaweza kuangukia daku na futari, na latanoprosti ni tone moja tu la usiku. Ukimtilia babu dawa, mwambie afumbe jicho, kisha bonyeza kwa kidole kona iliyo karibu na pua kwa dakika moja au mbili. Dawa itabaki jichoni, na kitakachofika kooni kitapungua sana.