Mgeni wa Satellite, Usingoje Mpaka Uugue

Je, umetoka Kongo, Burundi au Sudan Kusini na sasa unaishi Satellite? Usingoje kuanguka ndipo umtafute daktari. Shinikizo la damu na kisukari huweza kukaa mwilini miaka mingi bila maumivu. Ukishapita umri wa miaka 40, pimwa kila mwaka, hata katika kituo cha afya cha Riruta kilicho karibu nawe.

Beba karatasi zako za zamani, lakini zisome kwa makini. Hapa Kenya sukari huandikwa kwa milimoli. Miligramu 126 kwa desilita ni sawa na milimoli 7 kwa lita. Basi usione 7 ukadhani sukari imeshuka, ukaacha dawa! Kabla ya kula, hicho ni kiwango cha kisukari. Muulize daktari kwanza.