EL MORRO: NGOME ILIYOSAHAU MGONGO WAKE

Leo tuvuke bahari hadi San Juan, mji mkuu wa kisiwa cha Puerto Rico huko Karibi, tuizuru ngome ya San Felipe del Morro. Wengi huiita El Morro tu.

Kwani yatuhusu nini? Ngoja kwanza! El Morro ilianza kujengwa na Wahispania mwaka 1539, ikapanuliwa kuanzia 1589 kwa mchoro wa Mwitalia Battista Antonelli. Fort Jesus ya Mombasa ilianzwa 1593 kwa mchoro wa Mwitalia mwingine, Giovanni Battista Cairati. Wakati huo Uhispania na Ureno zilikuwa chini ya mfalme mmoja, Philip wa Pili. Kumbe ngome hizi ni ndugu wa baba mmoja!

Mgeni afikapo El Morro hupita uwanja mpana wa nyasi ambapo watoto hurusha tiara, akavuka handaki kavu, kisha akashuka ghorofa kwa ghorofa hadi penye mizinga iliyoelekezwa baharini. Naam, baharini. Hapo ndipo penye somo letu.

Mwaka 1595 Mwingereza Francis Drake alikuja na merikebu zake. Mizinga ikamlaki, akarudi mikono mitupu. Mwaka 1598 akaja Mwingereza mwingine, George Clifford. Huyu hakushindana na mizinga. Alishusha askari upande wa mashariki, wakaijia ngome kwa nchi kavu, nayo ikasalimu amri! Bahati ya Wahispania, ugonjwa wa kuhara damu uliwaua Waingereza wengi, wakaondoka mwaka uo huo. Mwaka 1625 Waholanzi waliuteka mji. Ngome ilistahimili, lakini mji ulichomwa moto.

Hapo Wahispania wakazinduka. Kuanzia miaka ya 1630 waliuzungushia mji ukuta, na upande wa nchi kavu wakajenga ngome ya San Cristóbal. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawa waliujenga kweli, tena wa mji mzima!

Nasi watahiniwa je? Kuna mwenzetu aliyejenga ngome ya Hisabati, ilhali Insha ameiacha wazi. Adui haji pale ulipoweka mizinga, ndugu yangu.

Zoezi
1. Kwa nini Drake alishindwa na Clifford akafaulu?
2. Tunga sentensi ukitumia: handaki, mzinga, salimu amri.
3. Ufa wako uko wapi? Jibu kimoyomoyo, kisha uuzibe.