Chura wa Chini ya Ardhi: Amana Tusiyoiona



Aliyelelewa Busasamana anaijua kazi ya shamba la viazi. Jembe linaingia kwenye udongo mweusi wa volkeno, na mara nyingine linamfukua chura. Wengine humrusha pembeni, wengine humponda, kazi ikaendelea. Somo letu leo ni juu ya kiumbe huyo.

Maisha yake

Wapo vyura wanaokaa ardhini sehemu kubwa ya mwaka. Mmoja wao, anayepatikana Afrika Mashariki, kitaalamu anaitwa Hemisus marmoratus. Vyura wachimbaji wengi huchimba kwa miguu ya nyuma, wakizama kinyumenyume. Huyu hutanguliza kichwa, kwa kuwa pua yake ni ngumu na imechongoka kama ncha ya sururu. Chakula chake ni mchwa na sisimizi. Jike huchimba chumba karibu na bwawa, hutaga mayai humo na kubaki nayo. Yakianguliwa, huweza kuchimba njia ya kuwafikisha viluwiluwi majini.

Ngozi ya chura hupitisha maji na hewa, kwa hiyo hupitisha sumu pia. Dawa ya mazao inayozama udongoni humfikia hukohuko alikojificha. Na bwawa likikaushwa, ile njia ya mama haina pa kufika.

Funzo la Kihansi

Tanzania, katika korongo la Kihansi, aligunduliwa mwaka 1996 chura mdogo anayezaa watoto hai. Hakuishi ardhini, bali kwenye manyunyu ya maporomoko ya maji, mahali pamoja tu duniani. Bwawa la umeme likapunguza maji, manyunyu yakakatika. Mipira ya kunyunyizia maji ikawekwa, lakini mwaka 2003 idadi yao ikaporomoka, na ugonjwa wa kuvu ukakutwa kwao. Mwaka 2009 ikatangazwa kwamba wametoweka porini. Kilichowaokoa ni vyura 499 waliokuwa wamepelekwa Marekani mwaka 2000. Wazao wao walianza kurudishwa Kihansi mwaka 2012.

Nchi ilihitaji umeme, na kuuhitaji si kosa. Lakini gharama ya kurekebisha ilikuja kuwa kubwa kuliko ya kupima mapema. Mhandisi, mtaalamu wa kilimo na mwanasheria wa kesho ni wewe unayesoma hapa.

Dini inasemaje?

Imepokewa na Abu Dawud kwamba tabibu alimuuliza Mtume (s.a.w.) juu ya kumtia chura katika dawa, naye akamkataza kumuua. Tazama: hata haja ya tiba haikufanywa sababu nyepesi. Na Qur'an (6:38) inatufunza kwamba wanyama nao ni umma kama sisi.

Tufanye nini?

1. Ukimfukua chura, mrudishe kwenye udongo wenye unyevu.
2. Waeleze wazazi nyumbani wapime dawa kwa kipimo, wala wasioshe pampu mtoni au bwawani.
3. Anayesoma baiolojia na akatakiwa kumpasua chura, amuulize mwalimu kama upo mfano wa kufundishia, na awaulize masheikh hukumu yake.

Jembe lako likimgusa tena, kumbuka kwamba huenda ni mama aliye juu ya mayai yake. Wabillahi tawfiq.