Kuchuja Orodha kwa SPSS: Sharti Lisimwache Mstahiki



Tuseme jumuiya imepokea fomu 300 za wanaoomba karo kutoka mfuko wa zaka, na zote zimeingizwa kwenye SPSS. Kila mstari ni mwombaji mmoja. Kila safu ni swali: yatima (1 ndiyo, 0 hapana), deni (vivyo hivyo), mwaka wa masomo, na mapato ya nyumbani kwa mwezi. Programu huchuja orodha hiyo mara moja, lakini hufuata sharti ulivyoliandika, si ulivyolikusudia.

Fungua Data, kisha Select Cases, chagua If, uandike sharti. Alama & ni "na"; alama | ni "au".

Kwanza, mabano. Kamati inataka wanafunzi wa mwaka wa 3 ambao ni yatima au wana deni. Ukiandika:

yatima = 1 | deni = 1 & mwaka = 3

SPSS hutanguliza &. Itachukua mayatima wa miaka yote, pamoja na wenye deni wa mwaka wa 3. Andika hivi:

(yatima = 1 | deni = 1) & mwaka = 3

Pili, majibu yaliyoachwa wazi. Sharti mapato < 200000 humwacha nje aliyekosa kujaza mapato, kwa kuwa hakuna namba ya kulinganisha, wala hutaona onyo lolote. Huenda huyo ndiye mhitaji zaidi, ila ameona haya. Sura ya Al-Baqara, aya ya 273, imewataja mafukara ambao asiyewajua huwadhania matajiri kwa jinsi wanavyojizuia kuomba. Basi andika:

mapato < 200000 | MISSING(mapato)

Kisha wasiojaza waulizwe faraghani. Usiwajazie 0, maana hiyo ni kusema hawana kitu, nao hawakusema hivyo.

Tatu, chagua Filter, usichague Delete. Filter huwaweka kando wasiochaguliwa. Delete huwaondoa kwenye data, na ukihifadhi faili umewapoteza. Ukimaliza, rudisha All cases, la sivyo hesabu zinazofuata zitawahusu waliochaguliwa peke yao.

Kabla ya kupeleka orodha kwa kamati, chukua fomu kumi, tano za waliochaguliwa na tano za walioachwa, uzilinganishe na sharti kwa mkono. Zaka ni amana, na aliyeachwa kwa kukosekana mabano hatajua kamwe kwa nini jina lake halikusomwa.