Kufunga ekzosi bandeji: joto linakwenda wapi?

Sisi tuliopanga Lemara tunazijua boda za kijiweni kuliko tunavyoyajua baadhi ya madarasa. Ndizo zinazotuwahisha vipindi vya asubuhi, na kwa wachache wetu ndizo zinazoleta chakula mezani wakati boom haijaingia. Siku hizi kwenye baadhi ya pikipiki hizo utaona bomba la mbele la ekzosi, lile linalotoka kwenye injini na kukunja kwenda chini, limezungushiwa utepe kama mguu uliofungwa bandeji. Machalii watakwambia inaongeza nguvu. Wengine watasema inapooza injini. Wachache watakuwa wakweli: inapendeza tu.

Mwenzetu mmoja anayeendesha boda jioni ili apate ada aliifunga ya kwake kabla ya masika. Mvua zilipoisha, pikipiki ikaanza kubweka kila akipunguza mafuta. Tulipoufungua ule utepe, magamba ya kutu yalianguka chini, na kwenye kona ya bomba palikuwa na tundu ambalo kidole kinapita. Bomba jipya, hela ya fundi, na siku tatu bila kazi. Tangu siku hiyo nimeona tulijadili jambo hili kama wasomi, siyo kwa maneno ya kijiweni.

Utepe wenyewe ni nini

Mara nyingi ni kitambaa kilichofumwa kwa nyuzi za kioo, au nyuzi za basalti, yaani mwamba wa volkano ulioyeyushwa na kuvutwa kuwa uzi. Vyote viwili havipitishi joto kwa urahisi. Katikati ya nyuzi kuna hewa iliyotulia, na hewa iliyotulia ni kizuizi kizuri cha joto. Ni kanuni ileile ya sweta unalovaa asubuhi za Julai hapa Arusha.

Bomba lisilofungwa hupoteza joto kwa hewa inayopita juu yake na kwa kumulika, kama jua linavyotumulika. Kumulika huko hutegemea halijoto ya kelvini ikipandishwa kwa kipeo cha nne. Tuchukue mfano: uso wa bomba una nyuzi 300 za Selsiasi, yaani kelvini 573. Ukilifunga, uso wa nje wa utepe ukawa nyuzi 150, yaani kelvini 423, basi 423 gawanya kwa 573, kwa kipeo cha nne, ni kama 0.3. Kama nyuso zote mbili zinamulika kwa kiwango sawa, joto linalokupiga kwenye ugoko limeshuka hadi asilimia 30 ya lile la mwanzo. Hiyo ni faida ya kweli, na dereva anayekaa kwenye foleni anaisikia.

Na ile habari ya nguvu?

Hapa kuna ukweli kidogo uliovutwa mpaka ukakatika. Vali ya kutolea moshi inapofunguka, wimbi la mgandamizo linakimbia ndani ya bomba. Likifika mahali bomba linapotanuka, sehemu yake inarudi kama mvuto. Mvuto huo ukirudi kwa wakati unaofaa, unasaidia kunyonya moshi uliobaki kwenye silinda.

Kasi ya wimbi hilo hutegemea kipeuo cha pili cha halijoto ya gesi kwa kelvini. Tuseme gesi ilikuwa kelvini 700, na utepe ukaibakiza kwenye 750. Kipeuo cha pili cha 750 gawanya kwa 700 ni 1.035. Yaani wimbi limeongeza kasi kwa asilimia 3.5, kana kwamba bomba limefupishwa kidogo. Bomba fupi hupendelea injini inayozunguka kwa kasi kubwa. Boda ya cc 150 iliyobeba abiria na gunia la viazi, ikipanda mlima kwa gia ya pili, inahitaji nguvu kwenye mzunguko wa chini. Kwa hiyo unaweza usipate kitu, au ukapata kinyume.

Tena tukumbuke tunaishi wapi. Arusha ipo kwenye mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa zaidi ya asilimia 10, na injini isiyo na tabochaji inapoteza nguvu karibu kwa kiasi hichohicho. Utepe hauwezi kurudisha deni hilo. Kabureta iliyorekebishwa vizuri, kichujio cha hewa kisichojaa vumbi na mnyororo uliokazwa sawasawa vitakusaidia zaidi.

Hasara

Ya kwanza ni kutu. Utepe unanyonya maji ya mvua, matope na maji ya kuoshea pikipiki, halafu unayashikilia yakigusana na chuma. Mabomba ya pikipiki nyingi za biashara ni ya chuma cha kawaida kilichopakwa rangi au kromu. Chuma, maji, hewa na joto: umeshapika kutu. Bomba la stenlesi linavumilia zaidi.

Ya pili, chuma chenyewe kinakuwa cha moto zaidi, kwa sababu umekinyima njia ya kupoa. Likichemka na kupoa kila siku, bomba huchoka upesi, hasa kwenye maungio yaliyochomelewa.

Ya tatu, utepe unaficha ugonjwa. Ufa mdogo au gasketi inayovuja ungeuona mapema kwa alama nyeusi ya moshi. Ukiwa umefunikwa, unakuja kuujua ukiwa tundu.

Ya nne, oili ikivuja na kulowanisha utepe, umejitengenezea utambi pembeni ya injini. Utepe uliolowa oili unatolewa, hausubiriwi ukauke.

Nani anaungua?

Hili ndilo halisemwi kijiweni. Karibu theluthi ya nishati ya petroli hutoka na moshi kama joto. Utepe haulifuti joto hilo. Unalizuia tu lisitokee mbele. Kwa hiyo moshi unafika kwenye sailensa ukiwa wa moto zaidi. Na sailensa ipo wapi? Kwenye boda nyingi ipo kulia, pembeni ya mguu wa abiria. Dereva amekinga ugoko wake, na joto lake amelisogeza kwa mtu wa nyuma.

Ngozi inayogusa chuma cha nyuzi 60 huungua ndani ya sekunde tano hivi. Kwa nyuzi 70, sekunde moja inatosha. Sailensa ya boda iliyotoka kuzunguka mji inapita hapo bila shida. Sasa zipo pikipiki ambazo kava la sailensa lilishadondoka zamani bolti zilipolegea, lakini bomba la mbele limefungwa utepe mpya. Tumevisha injini, tumemvua abiria.

Tufanye nini

Kama pikipiki ni ya biashara, anza na kava. Bati lililoachwa nafasi ya hewa kati yake na sailensa linakinga mguu, linakauka mvua ikikata, na halifichi kitu. Fundi wa kuchomelea anaweza kukutengenezea.

Kama bado unataka utepe, fanya kwa utaratibu. Safisha bomba, lipake rangi inayovumilia moto, vaa glovu na barakoa kwa sababu nyuzi za kioo zinawasha. Anza chini ukipanda kuelekea injini, ili mikunjo ipandane kama bati za paa na maji yateremke. Ufungue kila baada ya msimu wa mvua ukague. Moshi kidogo siku ya kwanza ni kawaida. Na usitumie kamba yoyote ya asbesto, hata ukipewa bure. Vumbi lake linaleta saratani ya mapafu.

Kama wewe ni abiria, panda na kushuka upande wa kushoto. Huko hakuna sailensa, na ni upande wa pembeni mwa barabara, mbali na magari. Ukiungua, weka mguu kwenye maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Siyo barafu, siyo mafuta, siyo dawa ya meno. Kidonda kikiwa kikubwa au kikitoa malengelenge, nenda zahanati.

Yule mwenzetu sasa ana bomba tupu na kava jipya. Anasema ugoko unapata joto kidogo akiwa kwenye foleni, lakini abiria wake wa jioni, wengi wao ni sisi, hawajalalamika tena.

Maswali ya kujadili

1. Rudia hesabu ya kumulika ukichukua uso wa utepe kuwa nyuzi 200. Faida imebaki kiasi gani?
2. Kwa nini utepe una maana zaidi kwenye gari la mashindano lenye tabochaji kuliko kwenye boda?
3. Taja kifaa kingine chuoni au nyumbani ambacho tukikikinga joto upande mmoja, tunalihamishia upande wa mtu mwingine.